Gari Linapolia Likikata Kona

Mtu akaaye Mbagala, Tandika au Mwananyamala ajua kuwa lami si mwisho wa safari yake. Huiacha barabara kuu, akaingia njia ya mtaani yenye mchanga wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Hapo ndipo gari kuukuu huanza kutoa siri zake, na katika siri hizo hakuna isikikayo waziwazi kama ule mlio wa ta-ta-ta gari likatapo kona kali.

Magari mengi madogo tuletewayo kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, kama Toyota IST na Vitz, huvutwa na magurudumu ya mbele. Gurudumu lile lile lavuta gari na lapinda pia, na chuma kimoja kilichonyoka hakiwezi kazi hizo mbili. Kwa hivi kila ekseli ina viungo viwili, ambavyo mafundi huviita sivijointi: cha ndani penye giaboksi na cha nje penye gurudumu. Cha nje kwa kawaida kina gololi 6 zikimbiazo katika mifereji, umbo alilolibuni mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920, likaenea katika magari madogo baada ya Mini ya Uingereza ya mwaka 1959. Gololi hizo zaishi ndani ya grisi, zimefunikwa kwa mpira wenye mikunjo. Mpira ukipasuka, grisi hurushwa nje na mchanga wa mtaani huingia mahali pake. Mchanga husaga chuma, nafasi huzidi, na nafasi hiyo ndiyo igongayo.

Walakini si kila mlio ni sivijointi, na hapa ndipo fedha za nyumba nyingi zipoteapo, hasa gari likiwa ndilo liletalo chakula na karo. Tafuta uwanja mtupu, pinda usukani mpaka mwisho, uende polepole kwa duara, kushoto kisha kulia, mwenzako akisikiliza nje, mbali kidogo na gari. Mlio ukifuata mzunguko wa gurudumu, na ukizidi ukanyagapo mafuta, kiungo cha nje kimekwisha. Gari likitetemeka uongezapo mwendo katika njia iliyonyoka, kisha likatulia uachapo mafuta, shuku cha ndani. Mvumo wa mfululizo uzidio kwa kadiri ya mwendo aghalabu ni wa beringi. Kishindo cha gu! katika tuta au shimo mara nyingi ni cha bol jointi, bushi au stabilaiza linki. Hiace ya daladala ni habari nyingine: hiyo husukumwa na magurudumu ya nyuma kwa propela, na krosi yake ikilegea hugonga dereva aondokapo kituoni.

Lililo bora ni kutongoja mlio. Chungulia nyuma ya gurudumu kila mwezi. Ukiona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu, mpira umepasuka. Ukiwahi kabla mchanga haujala chuma, fundi atakiosha kiungo, atatia grisi yake maalumu na kuvisha mpira mpya, kazi ndogo sana kuliko kununua kiungo kizima. Kikisha kugonga, grisi mpya hukinyamazisha tu kwa siku chache. Muuzaji wa gari afanyaye hivyo akanyamaza ameficha aibu ya bidhaa yake, basi mnunuzi na aulize kwa nini gari kongwe limevishwa mpira wa jana.

Wako wasemao, "Linagonga lakini linakwenda." Litakwenda mpaka kiungo kivunjike. Siku hiyo injini itanguruma bila gari kusogea, na likiwa mlimani hata gia ya P haitalishika. Breki ya mkono tu. Fikirini watoto walio ndani.

Uendapo Gerezani kununua spea, chukua kile cha zamani mkononi, ukahesabu meno ya pande zote mbili, kwani magari ya jina moja huweza kutofautiana meno. Na fundi atakapo kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, mzuie mpaka aweke stendi madhubuti.