Kichekesho cha 1920 Kinazishinda Pranki Zenu

Wasee, leo naongea na sisi tunaotengeneza vichekesho na nyinyi mnaotuchekea. Najua nitachomwa kwa komenti, lakini wacha niseme tu: kichekesho kikali cha kutazama wikendi hii hakina sauti, hakina rangi, na kimepita miaka 100. Kinaitwa One Week. Kilitoka 1920, mwaka uleule Waingereza walitangaza nchi hii kuwa Koloni ya Kenya. Aliyekicheza na kukiongoza, akishirikiana na Edward Cline, ni Buster Keaton, yule jamaa wa uso mkavu ambaye hata dunia ikimwangukia hacheki.

Stori ni rahisi. Buster na mrembo wake, anayechezwa na Sybil Seely, wamefunga ndoa. Zawadi ya harusi ni ploti na nyumba ya kujijengea: mbao zimekuja kwa masanduku yenye namba, kazi yako ni kufuata maagizo. Hiyo hata si ya kubuni. Marekani ya siku hizo, kampuni ya Sears ilikuwa inauza nyumba kwa katalogi tangu 1908. Sasa kuna jamaa mwingine aliyemtaka huyo dem na akaachwa. Ana roho chafu, anabadilisha namba za masanduku kisirisiri. Buster hajui, anajenga hivyohivyo.

Manze, hiyo nyumba! Kuta zimepinda, hakuna kitu kimekaa mahali pake, na kuna mlango wa ghorofa ya juu unaofunguka hewani. Ukitoka, umeenda. Siku ya kukaribisha wageni dhoruba inakuja, nyumba inaanza kuzunguka kama pia, wageni wanarushwa nje mmoja mmoja. Na hakukuwa na kompyuta ya kudanganya macho. Walijenga nyumba ya ukweli juu ya mtambo unaozunguka. Kisha wanaambiwa ile kauli ambayo Mkenya yeyote anaogopa kuliko mzimu: hii ploti si yenu. Yenu iko kule, ng'ambo ya reli.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Angalia nani anachekwa. Anayeanguka ni Buster. Anayepondwa na piano ni Buster. Bibi yake si mjinga wa stori. Anafanya kazi naye, wanavuta nyumba pamoja, wanaogopa pamoja. Adui wa kichekesho ni ile nyumba, dhoruba, reli na yule mhasidi. Hakuna mnyonge aliyetolewa kafara ili sisi tucheke.

Sasa linganisha na tunachoweka mtandaoni. Nusu ya vichekesho vyetu ni mtu ameshrabu, basi tunamcheka. Mboch anaongea na lafudhi ya kwao, tunamcheka. Soja amesinzia getini baada ya kukesha, tunamcheka. Halafu kuna pranki: unamrukia mama anayetoka sokoni na mzigo, anashtuka, nyanya zinamwagika, wewe unapata viu. Nani ameanguka hapo? Si wewe. Wewe umeshika simu.

Filamu bila sauti haiwezi kukuchekesha kwa lafudhi ya mtu. Hiyo njia ya mkato imefungwa kabisa. Ndiyo maana ilibidi wafikirie: mlango uwe wapi, mwili uanguke vipi, treni ipite saa ngapi. Kile tunachokiona kama upungufu ndicho kiliwalazimisha wawe wakali.

Kuna mwenye atasema, "Buda, hao wazee wako hawakuwa malaika." Kweli kabisa. Keaton mwenyewe kwenye College ya 1927 alijipaka rangi nyeusi usoni ili aigize mhudumu Mweusi, na Seven Chances ya 1925 ina mzaha wa aina hiyohiyo. Lakini tazama hizo sehemu leo. Zimeoza. Unazipita haraka ukiona aibu. One Week haikuhitaji kumdharau mtu, na hadi leo inachekesha mtoto wa Eastleigh bila kutafsiriwa hata neno. Mwaka wa 2008 Wamarekani waliiweka kwenye orodha yao ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Jamaa ni mmoja. Kilichotofautiana ni mzaha gani alichagua.

Mwingine atasema watu wanapenda pranki, namba hazidanganyi. Sawa, lakini namba zinahesabu waliotazama. Hazimhesabu yule mama wa nyanya. Na Keaton hakuwa anarusha tu chochote apate namba. Filamu aliyomaliza kupiga kabla ya hii, The High Sign, haikumridhisha, akaificha kabatini hadi 1921. Sisi tunarekodi saa nne, tunapost saa nne na nusu.

Mwisho wake nitawaspoili kidogo, samahani. Nyumba inakwama katikati ya reli, treni inakuja. Wawili hao wanafunika macho. Treni inapita kwa njia ya pembeni! Wanapumua. Kabla hujamaliza kupumua nao, treni nyingine inatoka upande ule mwingine na kuigeuza nyumba kuwa kuni. Buster anaweka kibao cha "inauzwa", anaacha na maagizo ya kujengea, anamshika bibi yake mkono, wanaenda zao. Wamepoteza kila kitu isipokuwa heshima yao. Ndiyo maana unacheka na moyo haukusuti.

Haifiki hata nusu saa, na hakimiliki yake Marekani iliisha zamani, so iko mtandaoni bure. Itazame, kisha uniambie kwa komenti: kichekesho chako cha mwisho kilimwangukia nani?