Njaa ya saa nne tunainunua wenyewe

Haya wadau, leo nimeamka na hasira, mnivumilie.

Kipindi cha saa mbili, kila mtu kapitia kantini: chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, maandazi mawili. Ikifika saa nne matumbo yananguruma, hakuna anayemsikiliza mwalimu, watu wanawaza maandazi mengine. Halafu tunalia bumu halitoshi! Halitoshi kweli, hata mi nalilia. Lakini kuna sehemu tunaimwaga wenyewe kwenye unga mweupe na sukari.

Mi kwetu Sibwesa, kule Katavi. Likizo bibi ananipa uji wa dona wenye karanga za kusaga, tunaenda shamba. Mpaka saa sita sina habari na chakula, na hapo nashika jembe, sio kalamu! Sasa mtajie mtu dona hapa chuo. "Aah, hicho chakula cha jela bwana." Eti sembe ndiyo ya wastaarabu.

Hebu tuuangalie huo ustaarabu. Mahindi yakikobolewa linatoka ganda, kinatoka na kiini. Kiini ndicho chenye karibu mafuta yote ya punje. Vyote hivyo vinaitwa pumba, wanakula kuku na nguruwe. We unabaki na wanga mtupu, tena kwa bei ya juu. Mjanja nani hapo, wewe au nguruwe?

Wanga wa namna hiyo unageuka sukari kwenye damu haraka, na njaa inarudi haraka. Mafuta yanafanya chakula kikawie tumboni. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, robo ni protini. Kiganja kimoja tu asubuhi, uone kama utamkumbuka muuza maandazi.

Najua mtanijibu: mbona chipsi zina mafuta? Jamani, viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya tangu juzi sivyo ninavyosema. Nasema karanga, ufuta, parachichi, migebuka. Na usile kilo nzima, maana gramu ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Karanga zenye ukungu tupa, sumukuvu ipo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Wale wa "dayati" wanaofuta ugali kabisa, nao siko nao. Ugali kula. Badili unga, punguza matonge mawili, tia karanga kwenye mboga. Basi.

Kinachoniuma hasa ni nyumbani. Siku hizi karanga zetu zinauzwa karibu zote, hela inarudi na sukari na sembe, na wadogo zangu wanajiona wamepata. Wameiga kwa nani? Kwa sisi wa chuo, tunaorudi likizo tukikunja pua mbele ya dona ya bibi.

Mi nimeacha kukunja. Wewe je?