Motokaa za Fahari na Njia Zetu za Ufipa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme juu ya jambo linalonenwa sana kila wanachama wakutanapo, nalo ni hizi motokaa za mwendo wa kasi, zilizolala karibu na ardhi na zenye sauti ya ngurumo, ambazo baadhi ya vijana wetu wa maofisini wazitamani na wazinunua kwa mkopo. Wako watakao mfuko wetu uwakopeshe bila kuuliza aina ya gari. Wako na wazee wasemao kwamba karani hana haki ya kuwa na kitu kama hicho hata kidogo. Mimi naona pande zote mbili zimekosa, ingawa si kwa kadiri moja.

Nianze na wazee, kwa heshima zote. Wao wenyewe walipokuwa vijana waliipaka mafuta baiskeli kila Jumamosi, wakaisugua hata ikang'aa, na hakuna aliyewaambia kuwa wamejikweza. Tena sisi wa Ufipa si watu wa kuona haya kwa kupenda kazi njema ya chuma. Babu zetu walijenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe yakawa majembe yaliyotafutwa na watu wa mbali. Kijana anayeinama kutazama injini iliyoundwa kwa akili, akastaajabu, hafanyi jambo la kigeni. Aliyeipata fedha yake kwa halali na atumie apendavyo. Wivu si shauri la kuletwa mkutanoni.

Lakini njia si yake peke yake, na hapa ndipo ninapoachana na vijana.

Kabla ya lami, mabishano haya hayakuwako, kwa kuwa gari la namna hiyo lisingefika Laela bila kuvunjika tumbo. Ndipo ikaja barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 224, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Neema kubwa, wala sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyepata kulala matopeni. Ila lami ile ilikuta watu wakiishi pale. Mikokoteni ya ng'ombe huvuka na magunia ya mahindi. Watoto huenda shule kando yake. Akina mama hurudi sokoni wakiwa na mizigo vichwani. Bodaboda huingia kutoka vichochoroni bila kutazama. Jioni mkokoteni hauna taa, na asubuhi za masika ukungu hufunika uwanda huu wetu wa juu hata usione ng'ombe mpaka umfikie.

Sasa tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Gari liendalo kilomita 120 kwa saa hupita mita 33 katika sekunde moja. Liendalo 50, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo ulioruhusiwa na sheria penye makazi, hupita mita 14 tu. Tena nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Dereva awe hodari namna gani, hawezi kuibishia hesabu hiyo, na mtoto anayevuka hakuulizwa kama anakubali kuingia katika mashindano.

Vijana hunijibu kwa mfano wa Safari Rally, nami nakiri ni mfano mzuri. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa njia zilezile za watu wote. Motokaa aina ya Datsun 240Z, ambayo kweli ni ya fahari, ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Basi, wasema, kwa nini isiwezekane Ufipa? Yawezekana, lakini watazame ilivyokuwa. Magari yale yaliinuliwa, yakakingwa kwa bamba la chuma chini ya tumbo, yakapewa msomaji wa njia akae kando ya dereva, na mafundi wakawangojea njiani wakiwa na magurudumu na vyuma vya akiba. Gari la dukani halina hayo. Na Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilirudi katika njia zilizofungwa kwa ajili ya mashindano. Hata mabingwa hawaachiwi tena kukimbizana na mikokoteni.

Juu ya gharama sitasema mengi, kila mtu ajua mfuko wake. Ila ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 si mwisho wa matumizi, ni mlango tu. Petroli hutusafiria zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, na bei yake yaonyesha safari hiyo. Gurudumu la gari hizo, lenye ubavu mfupi, hupasuka penye shimo ambalo gari la kawaida lingelipita kwa mtikisiko. Matuta ya vijijini hukwangua chini. Na sheria inapotaka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, theluthi ile ni ya chakula, karo na nauli ya mgonjwa kwenda hospitali, wala haikuwekwa kwa ajili ya vipuri. Nimeona hati za mishahara. Nisiseme zaidi, maana kazi yangu ni ya siri.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Mfuko wetu ukopeshe fedha za motokaa, wala usibague gari kwa uzuri wake. Lakini mwombaji alete hesabu ya bima, mafuta na magurudumu ya mwaka mzima, na kamati ipime kama theluthi yake itabaki nzima baada ya hayo. Tena mwanachama atakayehukumiwa kwa mwendo wa kasi penye makazi asipewe mkopo mwingine wa gari kwa miaka mitatu. Wengine wataliona kali. Mimi naliona jepesi, nikikumbuka wanaopita kwa miguu pale Laela siku ya gulio.

Naomba liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao, na wenye neno wajibu katika karatasi hii hii.

Ni mimi,
Karani wa Masjala, Sumbawanga