Chapa isiyo na jina ni mbuzi guniani

Jamii inayoimiliki sanaa yake huipa majina. Leso ni ushahidi tosha. Mwanamke wa Mombasa au Lamu aingiapo dukani hahitaji mkalimani. Anajua pindo ni lipi, mji ni upi na jina limeandikwa wapi. Ikiwa pindo limekwenda upogo au jina limekosewa, atalisema kosa hilo kwa neno lake, na muuzaji hatakuwa na pa kujifichia.

Hali si hiyo katika uchapaji mpya uliozagaa mijini. Siku hizi kila mtaa una kibanda cha kuchapa picha: fulana za kampeni, jezi za timu, vikombe vya arusi, fulana za matanga zenye sura ya marehemu. Kazi zote hizo huitwa kwa neno moja, "kuprinti". Neno hilo limebebeshwa mzigo wa kazi tatu zisizofanana hata kidogo, na anayeumia ni mnunuzi.

Ya kwanza ni ya kusukuma wino kupitia wavu hadi ukae juu ya kitambaa. Ya pili ni ya kukata utando wa plastiki na kuugandisha kwa pasi. Ya tatu, ambayo wenye vibanda huiita sablimesheni, ndiyo inayopotosha wengi. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi, ikiwa imegeuzwa kama ionekanavyo kiooni. Karatasi hulazwa juu ya kitambaa na kukandamizwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa joto hilo rangi hugeuka kuwa hewa moja kwa moja pasipo kuyeyuka kuwa majimaji, kama kafuri ipunguavyo kabatini bila kuacha tone. Hewa hiyo hupenya ndani ya uzi. Uzi ukipoa, rangi hufungiwa humo.

Lakini si kila uzi huipokea rangi hiyo. Unaoipokea vyema ni poliesta, uzi utokanao na mafuta ya petroli, uliovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Pamba haina nafasi ya kuihifadhi. Picha itang'aa siku ya kuchukuliwa, kisha itafuata maji ya kufulia. Kitambaa kilichochanganywa nusu kwa nusu hubakiza rangi katika zile nyuzi za poliesta tu, na picha hufifia mithili ya kitu kikuukuu. Kitambaa cheusi nacho hakifai, kwa kuwa rangi hizi hupitisha mwanga na mashine haina wino mweupe. Hata kikombe cha udongo au bamba la alumini sharti kwanza lipakwe utando maalumu wa kupokea rangi. Bila utando huo, picha haishiki.

Sasa fikiria familia iliyofiwa. Wamechanga fedha, wamechagua fulana za pamba kwa sababu ni nzito na hufyonza jasho, na wameambiwa kwamba zitaprintiwa. Hawakuuliza kwa njia gani, maana hawana neno la kuulizia. Fulana zikifuliwa mara chache, sura ya mzee wao inatoweka. Wakirudi kulalamika, wanajibiwa kwamba wametumia sabuni kali. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Itakumbukwa kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, maana yake ni dhahiri: habari isiyosemeka katika lugha ya mnunuzi ni habari aliyonyimwa.

Wapo watakaosema kwamba neno la Kiingereza latosha, na kwamba mteja hujali bei tu. Siafikiani nao. Neno "sablimesheni" halimwelezi mwenye fulana lolote, ila humtisha akanyamaza. Na bei haiwezi kupimwa pasipo kujua kinachouzwa.

Lugha yetu haina ufukara wa maneno ya kazi hii. Ile ya kwanza tuiite chapa ya wavu. Ya pili ni chapa ya kubandika. Ya tatu wengine wangependa kuiita chapa ya mvuke, lakini kwa Mswahili mvuke ni wa maji yachemkayo, na hapa hapana maji. Napendekeza chapa ya kupenya, kwa kuwa neno hilo linataja siri yote ya ufundi wenyewe. Anayelisikia atauliza papo hapo: itapenya kitambaa gani? Swali hilo moja lingeiokoa fedha ya familia ile.

Nisieleweke vibaya. Poliesta si adui. Jezi ya mwanariadha hukauka upesi, nayo chapa ya kupenya hudumu humo pasipo kubanduka. Mafundi wengi pia ni waaminifu, na ndio watakaofaidika zaidi mteja akijua kutofautisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi wenye vibanda na waandike ubaoni, kwa Kiswahili, aina ya chapa na aina ya kitambaa kinachoifaa. Nasi tunaofundisha lugha vyuoni tutoke tukakae na mafundi hao, badala ya kungoja istilahi zishuke kutoka kwenye makongamano. Pindo na mji havikubuniwa na kamati. Vilizaliwa dukani, baina ya muuzaji na mnunuzi waliotaka kuelewana.