Ahadi Ni Deni: Funzo la Hekalu la Hoi An

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kule Vietnam, katika mji wa kale wa bandari wa Hoi An, neno hilo limejengewa nyumba.

Ni hekalu la jemadari wa Kichina, Guan Yu, ambaye Wavietnamu humwita Quan Cong. Wachina waliolowea huko walilijenga mwaka wa 1653, mkabala na soko. Paa ni la vigae, na maji ya mvua hutokea midomoni mwa samaki wa sanamu. Ukivuka ua, unamkuta jemadari mwenyewe: uso mwekundu, ndevu ndefu, mwanawe na mlinzi wake kando.

Sasa wengine watauliza: ya nini kumtukuza mtu aliyeshindwa vitani, akauawa mwaka wa 220? Mimi nasema hakutukuzwa kwa upanga tu. Mwaka wa 200 alitekwa na Cao Cao, akapewa cheo na zawadi tele. Akaziacha zote, akamrudia bwana wake Liu Bei, aliyekuwa mkimbizi wakati huo. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa Hoi An walikuja kuapa mbele ya sanamu yake walipokopeshana mali.

Nasi je? Unamwazima mwenzako kamusi, anakwambia, "Kesho nakurudishia." Hiyo kesho haifiki ng'o! Halafu tunataka kuaminiwa na kuchaguliwa viranja. Jamani, uaminifu hauanzi vitani. Tuanze na hiyo kamusi.