TUNAWASINDIKIZA KWA TAKBIRA, TUNAWAPOKEA KWA KIMYA

Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu wa Mbulu na Hanang, kijana wetu anapopata nafasi ya kwenda kusoma Madina, Mbale, Morogoro au Dar es Salaam, msikiti hujaa. Nasaha hutolewa, dua huombwa, nauli huchangwa baada ya swala ya Ijumaa, naye hupanda basi la alfajiri huku takbira zikisikika. Hayo ni mema, wala hatuyapingi. Tunachouliza ni hiki: basi likishaondoka, nani humuulizia tena? Nani katika kamati zetu anajua kuwa amemaliza shahada ya kwanza na sasa yuko katika uzamili? Nani anajua kuwa andiko lake la utafiti limerudishwa mara mbili, na kwamba ada ya muhula imemshinda? Na siku atakaporudi na shahada yake, nani atakuwa anamngojea stendi ya Katesh?

Tunaandika haya tukijihesabu miongoni mwa wanaolaumiwa. Sisi walimu wa madrasa ndio tunaowahimiza vijana waende, na sisi ndio wa kwanza kuwasahau.

NUSU YA AYA TULIYOIACHA

Aya ya 122 ya Suratut-Tawba tunaisoma mara kwa mara katika mihadhara ya kuhimiza elimu. Maana yake ni kwamba Waumini wasitoke wote kwa pamoja, bali katika kila kundi litoke pote la kujifunza dini, kisha liwaonye watu wake litakaporejea kwao. Aya hii ina safari mbili: ya kwenda na ya kurudi. Na anayerudi anarudi kwa watu, nao wapo na wanamsikiliza. Sisi tumeishika safari ya kwanza tu. Tumedhani kwamba tukishamlipia mtu nauli ya kwenda, fardhi imetutoka. Elimu isiyopokelewa na wenyewe hubaki ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro.

HALI ILIVYO KWETU

Tuanze na sisi tuliosoma kwa Kiarabu, kwa kuwa tunaijua njia hii hatua kwa hatua. Mwenye shahada ya nje ya nchi, ili itambuliwe hapa, lazima aipeleke Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Ikiwa vyeti na matokeo yake yameandikwa kwa Kiarabu, vinahitaji tafsiri rasmi. Akitaka kuendelea na uzamili katika chuo cha nchini, atakuta masomo, mitihani na tasnifu kwa kawaida ni kwa Kiingereza. Hakuna lolote katika hayo lisilowezekana. Yote yanahitaji fedha kidogo, miezi michache ya kujinoa katika lugha, na mtu aliyetangulia wa kumwambia aanzie wapi. Mtu huyo hayupo. Kwa sababu hiyo tunao wenzetu waliobobea katika fiqhi na usuli ambao leo wanaendesha bodaboda. Kazi ya halali haina aibu, lakini jamii iliyomsomesha mtu miaka minane kisha ikashindwa kumtafsiria cheti imefanya israfu, na israfu tunaikemea kila siku katika harusi.

Kisha ikaja vita ya Sudan, iliyoanza Aprili 15, 2023. Watanzania waliokuwa Khartoum, wengi wao wanafunzi, walirejeshwa nyumbani mwezi huohuo. Mwanafunzi aliyekimbia risasi hakukumbuka kubeba matokeo yake ya mitihani, na ofisi za chuo alichokiacha zilikuwa katikati ya mapigano. Wakati ule tuliwaombea qunuti, na tulifanya vyema. Lakini ni msikiti gani katika wilaya zetu ulioketi na waliorudi ukawauliza: umefika mwaka gani, una karatasi gani mkononi, tukuandikie barua kwa chuo kipi?

Na dada zetu je? Kila mwaka tunasikia mimbarini kwamba ni vyema mwanamke wa Kiislamu atibiwe na mwanamke mwenzake. Ni kauli sahihi. Basi tuulizane: binti wa Katesh au wa Dongobesh aliyemaliza shahada ya udaktari, akataka kuendelea na uzamili ili awe bingwa wa magonjwa ya akina mama, ametusikia tukimuuliza anaishi wapi na anakula nini katika miaka hiyo? Tunamdai daktari ambaye hatujamlipia hata nauli.

Na liko jambo lililo zito zaidi katika dhamiri zetu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Deni lake lilipowekewa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, wengi wetu tulisimama tukasema: hiyo ni riba, kaeni nayo mbali. Tozo ile ilifutwa mwaka 2021. Hatujutii kuikemea riba. Tunajutia kwamba tulimfungia kijana mlango mmoja bila kumfungulia mwingine. Mwenye kuharamisha kwa dalili ana wajibu pia wa kutafuta badala ya halali, na badala hiyo sisi hatukuitafuta. Wapo waliotutii wakakosa masomo, na wapo waliosoma kwa mkopo ule wakawa wanatukwepa msikitini.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Hatuna haja ya kusafiri mbali kuona jinsi jambo hili linavyofanywa. Mwaka 1955 Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali Haydom, katika Mbulu yetu hii. Leo pale hakutibiwi wagonjwa tu. Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa wa lishe na maradhi ya watoto uliojulikana kwa jina la MAL-ED, ulioanza mwaka 2009. Hospitali ikiwa na utafiti, muuguzi na daktari kijana anakuwa na mahali pa kukusanyia takwimu za tasnifu yake, anakuwa na msimamizi, na jina lake linaandikwa katika machapisho. Wako waliopanda kwa ngazi hiyo hadi uzamivu kwa ushirikiano na vyuo vya Norway.

Tusiwahusudu. Waislamu tunatibiwa pale, na mwenye kutenda wema hushukuriwa. Lakini tuelewe siri ya jambo hili: wenzetu hawakuishia kumpeleka mtu chuoni, walimwandalia pia mahali pa kurudi. Sisi tuna misikiti iliyoezekwa vizuri na minara inayoonekana kutoka barabarani, lakini hatuna chumba kimoja chenye meza, taa na intaneti ambamo mwanafunzi wa uzamili aliye likizo anaweza kuandika kurasa kumi.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Huenda mtu akasema kwamba tunaiga wageni. Bali tumekiacha kilicho chetu. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulikuwa na Suffa, mahali pa kivuli palipowahifadhi masikini waliojitenga kwa ajili ya elimu, na Abu Hurayra (r.a.) alikuwa mmoja wao. Hawakuachwa wajitafutie peke yao. Maswahaba waliamrishwa kuwachukua na kugawana nao chakula.

Waandishi wa tarekhe wanasimulia kuwa Abu Yusuf alikuwa kijana fukara, na umaskini wa nyumbani ulitaka kumwondoa katika darasa la Imamu Abu Hanifa. Imamu, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, alipogundua hayuko, aliuliza sababu, akampa mfuko wa dirhamu mia moja, na akamwambia ahudhurie na amjulishe zitakapokwisha. Abu Yusuf hakuwahi kulazimika kujulisha, kwa kuwa Imamu alikuwa akimwongezea kabla hajaombwa. Kijana yule ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu zama za Harun Rashid, na akaandika kitabu cha sheria za mapato ya dola. Hapa pana mambo mawili: mwalimu alitambua kuwa mwanafunzi hayupo, na tajiri hakungoja kuombwa. Wafanyabiashara wa nguo na wa nafaka wa Katesh na Mbulu mjini, Imamu huyu alikuwa wa kazi yenu.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Wako wanaosema: "Wasomi tukiwasaidia hukimbilia mijini wasirudi." Tunajibu: mtu hukimbia mahali asipohitajiwa. Kabla ya kumlaumu asiyerudi, tuonyeshe aliyerudi tukampa kazi ya elimu yake. Isitoshe, aliye Dodoma au Dar es Salaam, akiwa bado ameunganishwa na msikiti wake, anaweza kusoma barua ya maombi ya mdogo wake wa Basotu na kuirekebisha bila kupanda basi.

Wako wanaosema: "Hii ni elimu ya dunia, mali ya msikiti haihusiki." Hao wameikosa kauli ya wanazuoni wao wenyewe. Imamu An-Nawawi na Imamu Al-Ghazali wote wameitaja tiba kuwa ni fardhi ya kutosheleza, ikikosa wa kuisimamia umma mzima unabeba dhambi. Al-Ghazali alilalamika kwamba katika miji mingi hapakuwa na tabibu Mwislamu ilhali watu wamesongamana katika fiqhi. Na tuliona wenyewe, Desemba 3, 2023, mlima Hanang ulipoporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Tulizika, tukachanga, tukagawa nguo. Lakini wa kutueleza kwa nini mlima umeteleza, na wapi si salama kujenga, wataalamu walitoka nje ya wilaya. Kuujua mlima ulio juu ya vichwa vya watoto wetu si anasa ya dunia.

Wako wanaosema: "Sisi ni masikini." Tuhesabu. Nisabu ya nafaka ni wasaki tano, ambazo wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa takriban kilo 653. Mkulima wa Hanang aliyevuna kwa mvua magunia 40 ya mahindi, kila gunia kilo 100, zaka yake ni magunia 4. Wakulima 20 wa namna hiyo ni magunia 80. Vitunguu saumu vya Mbulu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, havitolewi zaka ya mazao, lakini fedha zake zikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka zina zaka yake. Hatusemi yote wapewe wanafunzi, kwani mjane na fukara asiye na chakula wana haki iliyo wazi. Tunasema mwanafunzi fukara naye ni fukara. Na An-Nawawi amebainisha kuwa mwenye uwezo wa kuchuma, ikiwa kuchuma kutamkatisha na elimu ya sharia, zaka ni halali kwake. Anayesita kumpa zaka mwanafunzi wa uhandisi asiye fukara, asimpe. Sadaka, wakfu na qardhu hasan vipo.

YANAYOTAKIWA KUFANYWA

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la wanafunzi wake walioko vyuoni, na katika daftari hilo wa uzamili na uzamivu wajulikane kwa fani, mwaka na haja zao. Mtu mmoja akabidhiwe, naye awapigie simu kila mwezi.

Pili, matangazo ya ufadhili yasomwe baada ya swala kama yanavyosomwa ya misiba. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mwanafunzi alipewa fedha kama mkopo usio na riba, ili atakapoajiriwa arejeshe na wengine wa jamii yake wafaidike. Arusha, katika mkoa wa jirani, kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, inayofundisha uzamili na uzamivu tangu mwaka 2011. Ni wangapi kati yetu tumewatajia vijana wetu milango hii kabla haijafungwa?

Tatu, iundwe halmashauri ya waliotangulia, wanaume na wanawake, waliosoma kwa Kiarabu na waliosoma kwa Kiingereza wakiwa pamoja. Kazi yao iwe kusoma maombi ya vijana, kuwafundisha kuandika wasifu, kuwazoesha usaili, na kuwatafutia mahali pa mafunzo kwa vitendo. Haya hayahitaji tajiri. Yanahitaji jioni mbili kwa mwezi.

Nne, pawe na mfuko wa qardhu hasan wa mambo madogo yanayokwamisha makubwa: tafsiri ya vyeti, ada ya utambuzi, nauli ya kwenda kwenye usaili. Mkopo uandikwe na ushuhudiwe kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, ili asitokee wa kudhulumu wala wa kudhaniwa.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mmesamehewa. Mwenye shahada anayeona aibu kukaa mkekani na wazee wa kijijini kwake amesoma akakosa kufahamu. Rudini, hata kwa wiki mbili za likizo, mfundishe hisabati pale mlipofundishwa alifu na bee.

Ndugu zetu, Ijumaa ijayo, imamu atakapotoa salamu, viongozi wa kamati wasinyanyuke. Waulize majina ya waliosindikizwa kutoka katika msikiti huo, wayaandike, na kila jina waliandikie: yuko wapi leo. Tukishindwa kujaza safu hiyo ya pili, basi tusipige takbira nyingine stendi mpaka tuwe tumewatafuta wa kwanza.

Tunamuomba Allah atutakabalie, aifanye elimu ya vijana wetu kuwa hoja yetu wala si hoja juu yetu. Wabillahi tawfiiq.