Mali bila Daftari: Mtafiti wa Kiswahili na Nafasi ya Diski

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeweka hesabu. Hata hivyo, inamhusu pia mwanafunzi wa fasihi simulizi ambaye mali yake yote, yaani rekodi za ngano, nyimbo na mahojiano ya nyanjani, imo ndani ya diski ya tarakilishi. Diski inapojaa, mwanafunzi huyo hufuta. Hufuta kwa haraka na kwa kukisia, na pengine katika mashine ya idara inayotumiwa na wenzake. Fanani aliyerekodiwa huenda asipatikane tena. Makala haya yanashikilia kwamba kuipima diski kabla ya kufuta ni sehemu ya mbinu za utafiti, na kwamba programu huru zinatosha kuitekeleza kazi hiyo.

Ni muhimu kwanza kufahamu kwa nini kukisia hupotosha. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, kwa kiwango cha CD cha sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 635. Matini tupu ya riwaya yenye maneno 60,000 haifiki hata megabaiti moja. Kwa hivyo, anayefuta insha na rasimu zake ili apate nafasi hupoteza kazi ya miaka mingi bila kupata nafasi yoyote ya maana, ilhali nakala tatu za video moja zimetulia katika kabrasha alilolisahau. Aidha, pipa la taka la tarakilishi huendelea kushikilia nafasi ya faili zilizotupwa humo hadi litakapomwagwa. Wapo pia wanaodhani kwamba wamepunjwa wanaponunua diski ya gigabaiti 500 na Windows ikawaonyesha takriban 465. Hawajapunjwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, nayo Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824.

Tatizo la diski kujaa si geni. Mnamo mwaka wa 1990, Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alikabiliwa na diski ya megabaiti 80 iliyotumiwa na watu 14 katika maabara yake. Ili kubaini kilichoijaza, alibuni mchoro unaogawa mstatili mmoja katika mistatili midogo, kila mmoja ukiwa na eneo linalolingana na ukubwa wa faili. Mchoro wa aina hiyo ndio unaotumiwa na WinDirStat, programu huru ya Windows ambayo Bernhard Seifert alianza kuiandika mwaka wa 2003. Mtumiaji huiagiza ikague diski, kisha huyaona makabrasha yamepangwa kuanzia kubwa hadi dogo, pamoja na mistatili yenye rangi tofauti kulingana na aina za faili. Rekodi ya saa tatu haiwezi kujificha hapo. Katika Linux, mazingira ya GNOME yana programu iitwayo Baobab, yaani mbuyu, inayoonyesha makabrasha kama pete zinazozungukana. Jina hilo halikosi mvuto kwa Mswahili, kwani mbuyu ulianza kama mchicha, na diski hujaa vivyo hivyo.

Neno huru nalo linahitaji kufafanuliwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, amelazimika kueleza mara kwa mara kwamba anachokusudia ni uhuru wala si bei. Kiswahili hakina utata huo: kina bure na kina huru. Programu huru humpa mtumiaji haki ya kuitumia kwa lengo lolote, kuuchunguza na kuurekebisha msimbo wake, kusambaza nakala zake, na kusambaza hata zile alizozirekebisha. Haki hizi zina uzito hapa kwa sababu programu ya kukagua diski husoma majina ya faili zote, yakiwemo majina ya wahojiwa walioahidiwa usiri. Programu ya bure ambayo msimbo wake umefichwa humtaka mtafiti aiamini tu. Msimbo wa programu huru uko wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuukagua.

Huenda ikadaiwa kwamba diski zimekuwa rahisi, hivyo inatosha kununua nyingine. Hoja hii ina ukweli, lakini anayeongeza ghala bila kujua kilichomo katika la kwanza huongeza mahali pa kupotezea mali. Wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya mafundi. Fundi anaweza kuonyesha faili iliyo kubwa. Hawezi kujua kwamba faili yenye jina la tarakimu tupu ndiyo rekodi pekee ya utendi fulani. Programu nazo hupima ukubwa tu, na thamani hupimwa na mtafiti mwenyewe. Ndiyo maana hapaswi kufuta rekodi kabla ya kuhakikisha kwamba nakala yake nzima imo katika diski nyingine, wala kugusa kabrasha la Windows kwa sababu tu limeonekana kubwa.

Kutokana na haya, idara za Kiswahili zingefaa kutenga kipindi kimoja cha somo la mbinu za utafiti kwa kazi hii, kabla ya wanafunzi kwenda nyanjani. Fauka ya hayo, leseni za programu huru zinaruhusu kutafsiriwa kwake bila kuomba kibali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha njia mwaka wa 2004 kupitia mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Vyama vya wanafunzi vina wajuzi wa istilahi wanaoweza kuanza na programu ndogo za kupima diski, ili mtafiti alisome daftari la mali yake kwa lugha ya utafiti wake.